Mashtaka Aliyoyaandika Mshtakiwa

Leo tunazungumzia hukumu ya Mungu juu ya madola yenye kiburi, kama manabii wa Kiebrania walivyoitangaza. Ni habari ya zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, lakini nitaanzia mahali ambapo mtu anaweza kufika leo na kujionea: chumba kimoja katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, jijini London.

Kuta za chumba hicho zimepangwa mabamba ya mawe yaliyochongwa. Yalitoka katika kasri la Senakeribu, mfalme wa Ashuru, mjini Ninawi, na aliyeyafukua katikati ya karne ya 19 ni Mwingereza Austen Henry Layard. Yanaonyesha vita vya mwaka 701 KK, Ashuru ilipoivamia Yuda na kuuteka mji wa Lakishi. Kila kitu kimo. Askari wanapanda mteremko wa udongo na mawe walioujenga kuufikia ukuta, wakisukuma magari ya kubomolea. Walio juu wanawarushia mienge. Chini ya ukuta wanaume watatu wametungikwa uchi juu ya miti iliyochongoka. Kisha unaanza msafara wa waliohamishwa: wanaume wamebeba vifurushi, wanawake na watoto wameketi juu ya mikokoteni ya ng'ombe pamoja na vyombo vyao. Msafara unaishia mbele ya mfalme. Ameketi kwenye kiti chake cha enzi, na watu wa Lakishi wamepiga magoti.

Naomba tulishike jambo moja tangu sasa. Michoro hii haikuchongwa na adui wa Ashuru ili kuichafulia jina. Aliyeiagiza ni Senakeribu mwenyewe. Alitafuta mafundi hodari kuliko wote, akawapa chumba kizima ndani ya kasri lake, nao wakachonga kwa ustadi unaoshangaza mpaka leo: unaona mishipa ya miguu ya farasi, unaona mtoto akishikilia nguo ya mzazi wake. Wale watu watatu waliotungikwa mitini aliwaona kuwa pambo linalofaa nyumba ya mfalme.

Tena aliandika. Katika nguzo ndogo za udongo wa kuchoma, zenye pande sita, makarani wake waliorodhesha matunda ya vita vile: miji 46 yenye ngome imetekwa, watu 200,150 wametolewa kama nyara pamoja na farasi, punda, ngamia na ng'ombe wasiohesabika. Mfalme Hezekia wa Yuda, yasema nguzo hiyo, alifungiwa Yerusalemu kama ndege tunduni. Wataalamu wengi wanaona idadi ile ya watu imekuzwa mno, na huenda wana haki. Lakini hata kama imekuzwa, inatufundisha kitu: huyu mtawala alitaka ulimwengu uamini kwamba amewang'oa kwao watu wengi kuliko aliowang'oa kweli. Kwake kila mtu aliyepoteza nyumba alikuwa sifa moja zaidi.

Sasa tumgeukie Isaya mwana wa Amozi, aliyekuwa Yerusalemu siku zizo hizo. Ukifungua sura ya 10 ya kitabu chake utamkuta akimsemesha mfalme wa Ashuru, yaani anamtia maneno kinywani. Na mfalme huyo wa Isaya anasema nini? Anasema ameyafanya haya yote kwa nguvu za mkono wake na kwa hekima yake. Ameondoa mipaka ya mataifa, ameteka hazina zao, ameikusanya dunia nzima kama mtu anayeokota mayai katika kiota kilichoachwa, wala hapakuwa na aliyepiga bawa wala aliyefungua mdomo kulia. Ona ajabu hii, msikilizaji. Karani wa Senakeribu anatumia ndege, nabii wa Yerusalemu anatumia ndege. Mwaka 1983 mtaalamu Peter Machinist aliandika makala akionyesha kwamba mfanano wa namna hii kati ya Isaya na maandishi ya wafalme wa Ashuru ni mwingi mno kuwa wa bahati tu. Isaya aliijua lugha ya dola ile, majigambo yake alikuwa ameyasikia.

Hapo ndipo lilipo jambo ninaloliona kuwa kiini cha unabii huu wote. Nabii na mfalme hawabishani juu ya yaliyotokea. Biblia yenyewe, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, inakiri kwamba Senakeribu aliitwaa miji yenye ngome ya Yuda, na kwamba Hezekia alimlipa. Hata kiasi cha dhahabu wanakubaliana: talanta 30. Kwenye fedha tu ndipo hesabu zinapoachana, Biblia ikisema 300 na Ashuru 800. Matendo ni yale yale, mashahidi ni wale wale. Tofauti ni kwamba alichokiandika mfalme kama wimbo wa kujisifu, nabii amekichukua jinsi kilivyo na kukisoma mbele ya hakimu kama hati ya mashtaka. Hakulazimika kuongeza neno.

Na mashtaka yenyewe ni yapi? Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba Ashuru ilihukumiwa kwa sababu ilikuwa dola ya kipagani iliyoligusa taifa teule. Isaya hasemi hivyo. Anasema jambo gumu zaidi, jambo ambalo watu wake mwenyewe bila shaka lilikuwa likiwachoma: kwamba Ashuru ni fimbo tu mkononi mwa Mungu, na kwamba ilitumwa. Ilitumwa juu ya taifa lililopotoka, nalo taifa hilo ni la Isaya. Kosa la Ashuru ni kwamba haikukusudia hivyo. Moyoni mwake ilikuwa na nia ya kuangamiza mataifa mengi, kisha ikadhani kwamba nguvu zile ni zake. Ndipo nabii anapouliza kama shoka linaweza kujivuna juu ya mtu anayelitumia kukatia. Mimi hufikiri swali hilo lilihitaji ujasiri mkubwa kuliko laana yoyote. Kumlaani mfalme wa Ashuru kila mtu angeweza, kwa sauti ya chini, nyumbani kwake. Kumwita chombo ni kumnyang'anya kitu alichokithamini kuliko miji yote 46.

Sikilizeni pia hotuba ya yule amiri wa Ashuru aliyesimama nje ya ukuta wa Yerusalemu. Imehifadhiwa kwa urefu katika Wafalme na katika Isaya. Anazungumza Kiyahudi ili watu wote wamwelewe; maofisa wa Hezekia wanamsihi atumie Kiaramu, naye anakataa. Anajitolea kuwapa farasi 2,000, endapo wataweza kupata watu wa kuwapanda. Kisha anauliza iko wapi miungu ya Hamathi na Arpadi, nani katika miungu ya nchi zote aliyeokoa nchi yake na mkono wa Ashuru. Haya yalikuwa maneno ya mtu anayesoma kumbukumbu za ushindi mmoja baada ya mwingine na kuhitimisha kwamba mbinguni hakuna kitu. Kiburi chake kilikuwa na ushahidi. Ndiyo maana kilikuwa cha hatari.

Yerusalemu haikutekwa mwaka ule. Nguzo za Senakeribu, pamoja na majigambo yake yote, hazisemi popote kwamba aliingia mjini. Mwaka 681 KK aliuawa na wanawe, kama Biblia inavyosema, na kumbukumbu za miaka za Babeli nazo zinaandika kwamba aliyemuua ni mwanawe.

Miaka 69 baadaye, mwaka 612 KK, Ninawi yenyewe ilianguka. Wababeli chini ya Nabopolasa na Wamedi waliizingira kwa miezi kadhaa, wakaiteketeza. Katika ile michoro ya Lakishi niliyoieleza, uso wa Senakeribu kwenye kiti chake umegongwagongwa ukafutwa, na mwili umeachwa. Wengi wanaamini ni kazi ya mikono ya walioingia kasrini siku zile.

Nabii wa anguko hilo ni Nahumu. Kitabu chake ni kifupi, sura tatu tu, na makanisani hakisomwi sana, kwa sababu kinafurahi. Kinaanza na ghadhabu ya Mungu anayelipiza kisasi, na kikifika Ninawi, mji wa damu kama unavyoitwa humo, kinakwenda mbio: mijeledi, magurudumu, farasi, maiti zisizo na mwisho. Nahumu anaiuliza Ninawi kama yenyewe ni bora kuliko No-amoni, ule mji mkuu wa Misri ya juu, mahali pa Luxor ya leo. Swali hilo liliuma, maana aliyeuteka na kuupora No-amoni mwaka 663 KK alikuwa Ashurbanipali, mfalme wa Ninawi hiyo hiyo. Kwa mara nyingine nabii ameshika kumbukumbu za ushindi za dola na kuzigeuza. Na mstari wa mwisho wa kitabu ni swali: nani asiyeguswa na ukatili wako? Kila anayesikia habari anapiga makofi.

Kuna wahubiri wanaoona aibu kwa ajili ya Nahumu, wakisema furaha ya namna hii haifai. Mimi siwezi kumkemea. Aliyemwona mtoto wake akipandishwa kwenye mkokoteni wa Lakishi ana haki ya kusikia kwamba walioupeleka mkokoteni ule watasimama mbele ya hakimu. Kumwambia anyamaze kwa jina la upole ni kuendelea kumtawala.

Hata hivyo, waliokusanya vitabu vya manabii hawakumwacha Nahumu peke yake. Katika kundi lile lile la vitabu kumi na viwili wamemweka Yona. Humo Ninawi inahubiriwa, mfalme anashuka kwenye kiti chake na kukaa katika majivu, mji unasamehewa, na nabii anakasirika. Kitabu hiki nacho kinaishia kwa swali, na safari hii anayeuliza ni Mungu: asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wao wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi? Wasikilizaji wetu Waislamu wanamjua kama Nabii Yunus, na Kurani inawataja watu wake kuwa mji ulioamini ukaondolewa adhabu. Kaburi lililohesabiwa kuwa lake lilikuwa Mosul, nchini Iraki, juu ya kilima kilichofunika sehemu ya Ninawi ya kale, mpaka msikiti wake ulipolipuliwa Julai 2014.

Ninawi ilifutika kabisa. Mwaka 401 KK Mgiriki Xenophon alipita hapo akiwa na maelfu ya askari, akaona ukuta mkubwa mtupu, akaandika vipimo vyake. Jina la Ninawi hakulitaja. Aliambiwa ni mji uliokuwa wa Wamedi. Yalikuwa yamepita miaka 211 tu.

Basi Ashuru ikaondoka, na Babeli ikaketi mahali pake. Nebukadreza alitawala kuanzia 605 hadi 562 KK, akaichukua Yerusalemu mwaka 597, na miaka kumi hivi baadaye akalichoma hekalu. Huyu naye alipenda kuandika, lakini si sana vita kama ujenzi. Matofali ya Babeli yaligongwa muhuri wa jina lake, kwamba ni Nebukadreza, mfalme wa Babeli, mtunzaji wa mahekalu. Yamepatikana mengi sana, yamesambaa katika makumbusho ya dunia nzima. Lango la Ishtari, lenye mafahali na majoka juu ya vigae vya buluu, alilifukua Mjerumani Robert Koldewey aliyeanza kuchimba Babeli mwaka 1899, na sehemu yake ya mbele imejengwa upya Berlin.

Wakati wa kuinuka kwa Babeli alikuwapo nabii Habakuki, na katika sura yake ya pili ameandika ole kwa mtu anayejenga mji kwa damu. Humo jiwe linapiga kelele kutoka ukutani, na boriti inalijibu. Tuyaweke mawili haya pamoja: kila tofali la Babeli lilikuwa likitamka jina la mfalme, na nabii akasema hapana, ukuta huo una sauti nyingine, na inayotamkwa humo ni damu ya waliojenga. Miaka ya 1980, Saddam Hussein aliposimamisha upya kasri la Nebukadreza juu ya magofu, aliagiza matofali mapya yaandikwe jina lake, akimwiga mwenyewe wa kwanza. Utawala wake ulianguka mwaka 2003. Matofali yapo bado.

Sura ya 47 ya Isaya, inayotoka kwa nabii wa siku za uhamisho kama wataalamu wengi wanavyoona, inaitolea Babeli hukumu yake. Inamwita bibi wa enzi, inamshusha chini mavumbini, inampa mawe ya kusagia unga, kazi ya mtumwa wa kike. Mnaokumbuka sura hiyo huenda mnakumbuka majivuno yake, kwamba yeye yupo wala hakuna mwingine, hatakuwa mjane kamwe. Lakini kabla ya majivuno hayo kuna shtaka dogo ambalo watu hulipita: kwamba hakuwahurumia mateka, na mzee alimtwika nira nzito sana. Mzee! Dola iliyokuwa na bustani, minara, wanajimu na hazina za dunia inashtakiwa kwa mzigo uliowekwa shingoni mwa mtu mmoja mwenye mvi. Kwa manabii kiburi si hisia ya moyoni tu ya kujiona mkubwa. Kina mahali pa kutua, na mahali hapo ni mwili wa mtu asiyeweza kujitetea.

Sasa tuseme ukweli juu ya jambo ambalo mara nyingi linafichwa. Hukumu hizi hazikutimia zote kwa picha zilivyochorwa. Babeli ilipoangukia mikononi mwa Koreshi wa Uajemi mwaka 539 KK, majeshi yake yaliingia mjini bila vita. Haikugeuka jangwa usiku ule. Iliendelea kukaliwa, Alexander alifia humo mwaka 323 KK, na ukiwa wake ulikuja polepole, karne baada ya karne. Tiro ni hivyo hivyo. Ezekieli alitangaza kwamba Nebukadreza ataiharibu, naye akaizingira kwa miaka mingi. Kisha katika sura ya 29 Ezekieli huyo huyo, kwenye neno alilolitia tarehe inayolingana na mwaka 571 KK, anakiri waziwazi kwamba mfalme na jeshi lake walichubuka mabega huko Tiro wasipate ujira wowote. Aliyeiteka hatimaye ni Alexander, mwaka 332 KK, baada ya kujenga njia ya mawe baharini. Na Tiro ipo hadi leo, mji wa Lebanoni, watu wanavua samaki na kuoza watoto wao.

Kwa nini nayataja haya? Kwa sababu wapo wanaogeuza vitabu hivi kuwa ratiba, wakikaa na magazeti mezani kutafuta dola ipi itaanguka mwezi gani. Ezekieli hakulifuta neno lake la kwanza, wala hakuliogopa la pili. Yote mawili yamo kitabuni mwake. Alichokuwa akikilinda ni hukumu, na hukumu ni jambo pana kuliko utabiri.

Na hukumu ile juu ya Tiro ni ya pekee, kwa maana Tiro haikuwa dola ya majeshi. Ilikuwa dola ya biashara. Ezekieli, sura ya 27, ameuchora mji mzima kama jahazi zuri: mbao za misonobari, mlingoti wa mwerezi wa Lebanoni, makasia ya mialoni ya Bashani, tanga la kitani cha Misri. Halafu inakuja orodha ya bidhaa, ndefu kama hati ya forodha: fedha, chuma, bati, risasi, farasi, pembe za ndovu, mpingo, ngano, asali, zeri, divai, sufu nyeupe. Katikati yake, pasipo sauti kupanda wala kushuka, kuna wanadamu, wamewekwa pamoja na vyombo vya shaba. Sisi ambao pwani yetu ilishuhudia soko la watumwa la Unguja likiendelea mpaka 1873, pembe na binadamu wakipanda jahazi moja, hatuhitaji mtu wa kutueleza orodha hiyo. Kisha sura ya 28 inamwambia mtawala wa Tiro kwamba moyo wake uliinuka kwa sababu ya mali yake, akajiona mungu aketiye katikati ya bahari. Hakuchoma miji kama Senakeribu. Alihesabu tu, na humo hesabuni walikuwamo watu.

Yeremia naye asisahaulike, maana ndiye anayetuvuruga kuliko wote. Huyu aliwaambia wafalme waweke shingo zao chini ya nira ya Babeli, na akamwita Nebukadreza mtumishi wa Mungu. Aliwaandikia waliohamishwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze wana wao, na wauombee amani mji ule ule uliowateka. Watu wake walimwona msaliti. Ila katika mwaka wa nne wa Sedekia, mfalme wa Yuda, mwaka 594 hivi KK, mfalme huyo alipokwenda Babeli, Yeremia alimpa ofisa wa msafara, Seraya mwana wa Neria, gombo lenye mabaya yote yatakayoijia Babeli. Alisome huko huko, kisha alifunge jiwe na kulitupa katikati ya mto Frati. Huyu anayeuombea mji na huyu anayeandika hukumu yake ni mtu mmoja. Nimesoma watu wakijaribu kuchagua mmoja kati yao. Nadhani Yeremia asingewaelewa.

Makarani wa Babeli, kwa upande wao, waliendelea na kazi. Katika mabaki ya kasri Koldewey alipata vibao vya udongo vinavyoandika mgao wa mafuta, na miongoni mwa wanaopewa yumo Yekonia, mfalme wa Yuda, pamoja na wanawe watano. Mfalme aliyeshindwa amebaki mstari mmoja katika daftari la ghala.

Nimemweka Amosi mwisho ingawa alitangulia wote hawa. Alikuwa mchungaji kutoka Tekoa, kijiji cha Yuda, na mtunza mikuyu. Karibu mwaka 760 KK alivuka mpaka akaenda Betheli, katika ufalme wa kaskazini, siku za Yeroboamu wa Pili. Israeli ya wakati huo ilikuwa imeshiba na imepanuka. Yeroboamu alikuwa amerudisha mipaka kuanzia maingilio ya Hamathi mpaka bahari ya Araba. Na Kitabu cha Pili cha Wafalme kinatuambia nani aliyekuwa ametabiri ushindi huo: Yona mwana wa Amitai. Ndiyo, Yona yule.

Amosi anasimama na kuanza kuwahukumu majirani. Dameski, kwa kuipura Gileadi kwa vyombo vya chuma. Gaza, kwa kuuza watu wa miji mizima. Tiro, kwa kuuza watu na kusahau agano la udugu. Edomu, kwa kumwandama ndugu yake kwa upanga. Amoni, kwa kupasua wanawake wenye mimba ili kuongeza mipaka. Nahisi umati wa Betheli uliitikia kwa furaha. Halafu Moabu, na hapa pana jambo la kustaajabisha: Moabu inashtakiwa kwa kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu mpaka ikawa chokaa. Aliyekosewa si Mwisraeli. Ni Edomu, adui aliyetoka kuhukumiwa muda mfupi uliopita. Maiti ya adui ina haki zake, na Mungu wa Amosi anaidai.

Baada ya Moabu anakuja Yuda, kisha Israeli wenyewe, na kwao hukumu ni ndefu kuliko zote. Wamemuuza mwenye haki kwa fedha, na mhitaji kwa jozi ya viatu. Wanalala juu ya vitanda vya pembe, wanakunywa divai kwa mabakuli, wanajipaka mafuta yaliyo bora. Mwaka 1910 wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Harvard walifukua Samaria, mji mkuu wa Yeroboamu. Walipata vigae vilivyoandikwa wino, kumbukumbu za mizigo iliyopelekwa mjini kutoka vijijini: divai ya zamani, mafuta safi. Wataalamu wengi wanaviweka katika karne hiyo ya nane, na wengi katika miaka ya Yeroboamu huyo. Wachimbaji waliofuata walipata mamia ya vipande vya pembe za ndovu zilizonakshiwa. Mshtakiwa alikuwa ameandika tena, na safari hii mshtakiwa alikuwa nyumbani.

Kuhani Amasia alimfukuza Amosi, akimwambia Betheli ni patakatifu pa mfalme. Baada ya miaka kama arobaini Samaria ilianguka, na Sargoni wa Ashuru akaandika idadi ya aliowahamisha: 27,290.

Lakini kabla kitabu chake hakijafungwa, katika sura ya tisa, Amosi ana swali kwa Waisraeli: je, wao mbele za Mungu si sawa na Wakushi? Kushi ni Nubia, Sudan ya leo, Afrika kabisa. Aliyewatoa Israeli Misri ndiye aliyewatoa Wafilisti Kaftori na Washami Kiri. Wapo wafasiri wa zamani waliodai kwamba nabii aliwataja Wakushi kama tusi. Hakuna tusi hapo. Kinachoondolewa ni ile hoja ya mwisho ambayo kila taifa lenye nguvu huikimbilia, kwamba historia yetu ni ya pekee, kwa hiyo sheria hii inawahusu wengine. Amosi aliwaambia hivyo watu wake mwenyewe, katika hekalu lao, wakiwa na ushindi, divai na mipaka mipya.